Kondakta Asiyetoza Nauli

Mwishoni mwa mwaka 2023, mgawo wa umeme ukiwa umetukaba koo, mpwa wangu alituma video kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kijiwe cheusi, kidogo kuliko ukucha, kilikuwa juu ya sumaku: ukingo mmoja umegusa, mwingine umeinuka, kama mtu aliyeitwa usingizini akanyanyua kichwa halafu akasita. Chini yake kijana aliandika: "Shikamoo Mjomba. Wanasema jiwe hili linapitisha umeme bila kupoteza hata kidogo, tena halitaki barafu wala friji. Sasa mgawo si utakuwa historia?" Kabla sijajibu, dada yangu alikwisha kuweka viganja vya dua, na shemeji mmoja akauliza linauzwa wapi.

Nilikuwa barazani kwangu Tanga, gizani, simu imebaki na chaji ya asilimia tisa. Video yenyewe ilikuwa ya miezi kadhaa nyuma, lakini kwenye makundi ya WhatsApp habari haichachi. Niliandika jibu fupi mara mbili, nikalifuta mara mbili. Swali la kijana yule nimeishi nalo tangu nikiwa na umri wake, na jibu lake halienei kwenye asilimia tisa. Ndiyo sababu naliandika hapa.

Darasani neno tunalotumia ni supakondakta. Wanafunzi wangu wa kwanza walicheka nilipolitamka, maana kondakta wanayemjua wao ananing'inia mlangoni mwa basi akichezesha sarafu kiganjani. Nikaona nisigombane na kicheko chao, nikitumie. Kila waya wa kawaida, nikawaambia, ni kondakta anayetoza nauli. Umeme ukipanda lazima ulipe, na nauli yake ni joto. Ndiyo maana waya wa pasi unaiva, na ndiyo maana umeme unaotoka bwawani haufiki wote mjini. Shaba inatoza kidogo, aluminiamu inazidi kidogo, chuma kinatoza zaidi. Supakondakta hatozi chochote. Ukianzisha mkondo ndani ya pete yake, ukaondoa betri, mkondo utazunguka miaka na miaka bila kuchoka.

Ila kondakta huyo ana sharti: hapandi garini mpaka apate baridi, tena baridi ambayo kilele cha Kibo hakijawahi kuiona. Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes alimgundua mjini Leiden mwaka 1911. Alikuwa akipoza zebaki, na ilipofika nyuzi 269 chini ya sifuri ukinzani wake ukatoweka ghafla. Baridi ya namna hiyo hupatikana kwa heliamu ya kimiminika, ambayo ni gesi adimu na ghali. Kwa miongo saba iliyofuata watafiti walijaribu metali hii na aloi ile, wakasogeza kiwango hadi kwenye nyuzi 250 chini ya sifuri, wakakwama hapo. Vitabu tulivyosomea sisi viliipa habari hiyo kurasa chache tu, kama mtu anayetaja shamba lililokwisha kuvunwa.

Mwaka 1987 nilikuwa mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Asubuhi moja mwalimu wetu wa fizikia ya yabisi aliingia bila madaftari yake, ameshika karatasi moja iliyotolewa nakala hadi maandishi yamefifia. Aliandika ubaoni namba mbili, moja juu ya nyingine: nyuzi 180 chini ya sifuri, na chini yake nyuzi 196 chini ya sifuri. Akageuka. "Hii ya chini," akasema, "ndiyo baridi ya naitrojeni inapochemka. Na naitrojeni mnaivuta hapa mlipo, asilimia 78 ya hewa ya chumba hiki." Halafu akatueleza kuhusu ile ya juu.

Mwaka uliotangulia, Georg Bednorz na Alex Müller, katika maabara ya IBM pale Rüschlikon karibu na Zürich, walikuwa wameipa kisogo metali wakageukia kauri ya lanthanamu, bariamu na oksidi ya shaba. Kauri ni ndugu wa kikombe na kigae. Wachache walitarajia ipitishe umeme, seuze iupitishe bure. Wao wakaona dalili kwenye nyuzi 240 hivi chini ya sifuri. Mapema mwaka 1987 makundi ya Paul Chu wa Houston na Maw-Kuen Wu wa Alabama yakaondoa lanthanamu, yakaweka itriamu, kiwango kikaruka hadi nyuzi 180 chini ya sifuri. Mlango wa heliamu ukawa umepigwa teke. Tarehe 18 Machi wanafizikia walijazana katika hoteli moja ya New York, wakasikilizana hadi baada ya saa tisa usiku. Oktoba mwaka huohuo Bednorz na Müller wakapewa Tuzo ya Nobel.

Habari hizo zilitufikia kwa kuchelewa, kama majarida yote ya maktaba yetu miaka ile, lakini zilitufikia zikiwa moto. Jioni, mabwenini, maji hayakuwapo na taa zilikuwa zikikatikakatika, nasi tulibishana kuhusu treni zitakazoelea na nyaya zisizopoteza umeme. Jarida moja liliahidi miaka kumi. Nikapiga hesabu: nitakuwa na miaka 32. Nikaamua nitasomea jambo hilo.

Somo la kwanza nililipata siku ileile, ingawa sikulitambua. Vitu hivyo viliitwa supakondakta za joto la juu. Joto la juu gani, nyuzi 180 chini ya sifuri? Lilikuwa la juu kuliko la Kamerlingh Onnes, basi. Aliyetoka kisimani hadi sakafuni naye amepanda. Tangu hapo kila nikisikia neno kubwa la sayansi huuliza kwanza: kuliko nini?

Mwaka 1991 nilipata ufadhili nikaenda kusoma katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Nilidhani nitakuta mitambo ya ajabu. Nilikuta kinu kidogo na mchi wake, mizani, na tanuri. Mapishi ya kauri ile ni ya jikoni hasa: unachukua oksidi ya itriamu, kaboneti ya bariamu na oksidi ya shaba, kwa hesabu ya itriamu moja, bariamu mbili, shaba tatu. Unasaga mpaka mkono ufe ganzi. Unachoma kwenye nyuzi 900 na ushei, unasaga tena, unagandamiza unga uwe kidonge, unachoma tena kwenye nyuzi 950 hivi, kisha unakipoza polepole ndani ya oksijeni.

Kidonge changu cha kwanza kilitoka kijani, kijani cha jani la muhogo. Mama mmoja fundi wa maabara, aliyekuwa amezeeka na tanuri zile, alikitazama akacheka bila kejeli. Alifungua droo akanionyesha mkusanyiko wa vidonge vya kijani vya wanafunzi waliopita. Kile cha kijani kina itriamu, bariamu, shaba na oksijeni vilevile, ila uwiano wake ni mwingine, na hakipitishi kitu. Cha pili kilitoka cheusi, nikafurahi, kumbe nacho ni bure: nilikuwa nimekipoza haraka, oksijeni haikupata muda wa kuingia mahali pake. Kwa macho huwezi kukitofautisha na kizima. Mama yule hakujua habari za pilau, lakini alinifundisha ambacho bibi yangu alikuwa akikisema jikoni: ukifunuafunua sufuria utakula mchele.

Wiki kadhaa baadaye ndipo nilipoaibika. Nilikuwa nimebandika nyaya nne juu ya kidonge kwa gundi ya fedha: mbili za kupeleka mkondo, mbili za kusoma volteji. Ni lazima ziwe nne, kwa sababu ukitumia mbili utapima ukinzani wa maungio pamoja na ukinzani wa kidonge. Nilikishusha taratibu kwenye baridi. Kwenye nyuzi 150 chini ya sifuri volteji ikaanguka hadi sifuri. Nyuzi 150! Nikapiga kelele. Watu wakaacha kazi zao wakaja. Profesa alitazama skrini, hakusema neno, akakitoa kidonge kwenye baridi, akakiacha kirudi kwenye joto la chumba. Sifuri ikabaki palepale. Akashika koleo, akagusa waya mmoja. Ulikuwa umebanduka.

"Sifuri ya waya uliokatika," akaniambia baadaye, "na sifuri ya supakondakta zinafanana kwenye skrini." Kisha akanipa kanuni tatu ambazo nimezitumia katika mambo mengi kuliko fizikia. Usiridhike na ukinzani peke yake. Pima na sumaku, kwa kuwa tangu mwaka 1933, kutokana na kazi ya Meissner na Ochsenfeld, tunajua supakondakta halisi huufukuza uga wa sumaku kutoka ndani yake. Rudia kipimo ukitarajia kushindwa. Na ukikubaliana nacho wewe, mpe akipime mtu asiyekupenda.

Kidonge changu cha kweli kilipatikana majira ya baridi. Nilikiweka ndani ya kibakuli cha ile sponji ngumu nyeupe ya kufungia redio mpya, nikamimina naitrojeni, ikachemka ikitoa ukungu kama chungu cha uji. Ilipotulia nikaweka juu yake sumaku ndogo kama tembe. Ikaelea. Nikaisukuma kwa ncha ya kijiti, ikazunguka hewani bila kugusa kitu. Nimeona mengi tangu wakati ule, lakini sijaona tena kitu kilichoninyamazisha kwa namna hiyo.

Katika maabara ile ndipo nilipofahamu pia kwa nini ile ahadi ya miaka kumi haikuwa na mashiko. Kidonge ni jiwe, na umeme hausafiri kwa mawe, unasafiri kwa waya. Jaribu kuvuta waya kutoka kwenye kigae! Isitoshe, kauri ile imeundwa kwa punje nyingi, na punje mbili zikipishana mwelekeo hata kwa nyuzi chache, mkondo unaoweza kuvuka mpaka wao hupungua vibaya. Ni kama wabeba tofali waliopanga mstari: mmoja akigeukia pembeni, tofali zinarundikana. Kupata waya kulihitaji punje zote, kwa mamia ya mita, ziangalie upande mmoja. Kazi hiyo haikuwa ya usiku mmoja katika hoteli ya New York.

Nilirudi nyumbani mwaka 1994, nikaajiriwa kufundisha Tanga. Katika mkoba nilibeba vidonge viwili ndani ya kichupa cha filamu ya kamera. Nilikuwa nimejiapiza kwamba wanafunzi wangu wataiona sumaku ikielea, wasiishie kuchora mchoro wake.

Tatizo lilikuwa naitrojeni. Nilizunguka na swali hilo hadi jirani yangu mfugaji akanicheka: mbona mtaalamu wa mifugo hupita nayo kila wiki? Kweli. Mbegu za madume bora huhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, na kituo cha taifa cha uhimilishaji kipo Usa River, Arusha. Kitu nilichodhani ni cha maabara za Ulaya kilikuwa kikipita mbele ya nyumba yangu juu ya pikipiki, ndani ya mtungi, kikienda kuhudumia ng'ombe. Mtaalamu yule alikuwa mtu mkarimu. Alikubali kunipa lita mbili kwa sharti la kuja kutazama. Nilimiminiwa kwenye chupa ya chai, kifuniko nikakiegesha tu, kwa sababu naitrojeni ikichemka hutanuka mara mia saba hivi, na chupa iliyobanwa ni bomu.

Siku ya siku darasa lilijaa hadi madirishani. Nilieleza habari za kondakta na nauli, wakacheka. Nilimimina, ukungu ukatambaa mezani, wakashangilia. Nikaweka sumaku juu ya kidonge. Ikalala. Nikaiweka tena. Ikalala. Kidonge cha pili, vilevile. Kijana mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ya kutosha kusikika: "Mwalimu, huyu naye katoza."

Jioni nilikitazama kidonge kwenye mwanga. Kilikuwa na vumbi jeupe, na kilimeng'enyeka pembeni nilipokigusa kwa ukucha. Masika ya Tanga yalikuwa yameingia ndani ya kabati. Kauri ile haipatani na unyevu: maji huichambua, bariamu hutoka ndani yake, na kinachobaki ni mchanganyiko ukiwemo ule wa kijani wa siku zangu za kwanza. Nililijua hilo, nilikuwa nimelisoma. Lakini nililisoma kwenye mji ambao chumba cha maabara kilikuwa kikavu mwaka mzima, na sikulifungasha pamoja na vidonge. Kosa lilikuwa langu mwenyewe. Tangu siku hiyo mtu akinionyesha kifaa kipya, sitosheki kujua kwamba kinafanya kazi. Nataka kujua kinafanyia kazi wapi, na kikifika kwetu, kwenye chumvi na unyevu na vumbi, nani atakitunza.

Nilimwandikia yule mama wa maabara. Baada ya miezi kikaja kifurushi: vidonge vitatu, kila kimoja ndani ya kichupa na pakiti ya chembe za kunyonya unyevu. Mwaka uliofuata sumaku ilielea. Mtaalamu wa mifugo alikuwepo, akapiga makofi kuliko wanafunzi wote.

Miaka kumi ikapita, kisha ishirini. Ahadi ya jarida haikutimia, nami nikajikuta nimekuwa mtu wa kusema "bado" kila nilipoulizwa. Ndipo mwaka 2012 kaka yangu akaumwa mgongo, akaandikiwa kipimo cha MRI katika hospitali moja kubwa. Tulipofika tuliambiwa mashine haifanyi kazi. Nilimuuliza fundi, akaniambia heliamu imeruka. Nikaelewa mara moja, na nikaona aibu kwamba sikuwa nimelifikiria siku zote: ndani ya nyingi ya mashine hizo duniani mna supakondakta. Ni koili ya waya wa niobiamu na titani, iliyozamishwa katika heliamu ya kimiminika kwenye nyuzi zilezile 269 chini ya sifuri za Kamerlingh Onnes. Mashine nyingi za namna hiyo hubeba zaidi ya lita elfu moja za heliamu. Koili ikipoteza baridi, heliamu huchemka na kutoka kama roho, na kuijaza upya ni gharama na safari.

Kwa hiyo kondakta aliyewahudumia binadamu wengi kuliko wote ni yule wa zamani, yule ambaye vitabu vyetu vilimpa kurasa chache. Sisi tulimkimbilia kijana mwenye kipaji, mzee akaendelea na kazi. Siri yake ni ndogo: niobiamu na titani ni metali, inavutika kuwa waya na kujikunja kwenye koili bila kuvunjika. Kauri inamzidi kwa mbali katika kustahimili joto, lakini ilikuwa haijajifunza kujikunja.

Mwaka 2016 niliposikia redioni kwamba watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, wamekuta heliamu katika Bonde la Rukwa, nilimkumbuka fundi yule. Makadirio yao kwa sehemu moja tu ya bonde yalikuwa futi za ujazo bilioni 54. Gesi hiyo huzaliwa taratibu ndani ya miamba mikongwe, urani na thoriamu zinapooza, na joto la volkano la Bonde la Ufa likaifungua itoke. Tulikuwa tumesimama hospitalini tukisubiri gesi ije kutoka ng'ambo, huku nyingine imelala chini ya ardhi yetu. Lakini gesi iliyo ardhini nayo ni kama kidonge mkononi. Kati yake na mgonjwa kuna visima, mitambo ya kuitenga, mitungi na mafundi.

Mwaka 2017 nilialikwa harusi Ujerumani, nikaomba siku moja ya kwenda Essen. Wenyeji wangu walishangaa. Essen pana nini? Nilitaka kusimama juu ya kebo. Tangu mwaka 2014, chini ya barabara za katikati ya mji ule, ilikuwa imelazwa kebo ya kauri yenye urefu wa kilomita moja, ikiunganisha vituo viwili vya umeme vya Herkules na Dellbrügge, imepozwa kwa naitrojeni. Kebo hiyo ilibuniwa kubeba megawati 40 kwa volti 10,000 tu, kazi ambayo kwa kawaida ingehitaji kebo ya volti 110,000.

Nilisimama. Hapakuwa na kitu cha kuona. Watu walipita na vigari vya watoto, kijana alikuwa akila kababu. Nilitamani kumshika mkono nimwambie anatembea juu ya ndoto yangu ya mwaka 1987.

Kilichonifundisha zaidi ni sababu ya kebo ile. Nilidhani waliijenga ili wasipoteze umeme njiani. Sivyo hasa, mtambo wa kupoza naitrojeni nao unakula umeme. Faida yao kubwa ilikuwa nafasi. Katikati ya mji ardhi ni ghali, na kebo ile iliwaondolea haja ya kituo kikubwa cha transfoma cha kushushia volti 110,000. Ukitazama nyingine utaona mtindo huohuo: ya Long Island, Marekani, ya mwaka 2008, ni mita 600, ya Shanghai, ya mwaka 2021, ni kilomita 1.2. Zote ni fupi, na mbili za mijini zimewekwa pale msongamano ulipozidi. Teknolojia ilipata kazi, lakini si ile tuliyoiandalia hotuba.

Na waya je? Umepatikana. Siku hizi kauri ya itriamu na ndugu zake hutandazwa juu ya utepe wa metali wenye upana wa milimita chache. Tabaka lenyewe la kauri ni jembamba kuliko unywele kwa makumi ya mara, punje zake zimepangwa zikatazama upande mmoja kwa mamia ya mita. Septemba 2021 watafiti wa MIT na kampuni ya Commonwealth Fusion Systems waliviringisha zaidi ya kilomita 200 za utepe huo, wakaunda sumaku iliyofikia tesla 20, kwa ajili ya mitambo ya kuunganisha viini vya atomu kama lifanyavyo jua. Kutoka jiwe la Houston hadi utepe ule ni miaka 34. Yule kijana wa mwaka wa tatu amekuwa babu.

Sasa nirudi kwenye kijiwe cha mpwa wangu. Kiliitwa LK-99, na watafiti wa Korea Kusini walikitangaza Julai 2023 kuwa supakondakta kwenye joto la kawaida na hewa ya kawaida. Maabara duniani zikakimbilia tanuri. Ndani ya wiki chache jibu lilipatikana. Watafiti wa Stuttgart walipotengeneza fuwele safi za kitu hicho waliona hakipitishi umeme kabisa. Wenzao wa Beijing walionyesha kwamba ule ukinzani ulioanguka ghafla ulitokana na uchafu wa salfaidi ya shaba, ambayo hubadilika umbo kwenye nyuzi 104 hivi. Kuelea kwa upande mmoja kunaweza kusababishwa na usumaku wa kawaida. Niliposoma hayo nilimwona profesa wangu na koleo lake. Siwacheki waliotangaza, na mimi nimewahi kupiga kelele kwa ajili ya waya uliobanduka. Tofauti ni kwamba kelele zangu ziliishia koridoni.

Wapo pia waliofika karibu na joto la kawaida kwa kweli. Mwaka 2019 kiwanja cha lanthanamu na haidrojeni kilithibitika kwenye nyuzi 23 tu chini ya sifuri, sawa na friji ya kugandisha nyama. Ila kilikuwa kimebanwa kati ya ncha mbili za almasi, kwa shinikizo la zaidi ya mara milioni moja na nusu ya hewa tunayovuta. Huwezi kuvuta waya kutoka Rufiji hadi Chalinze ndani ya ncha mbili za almasi. Na lipo kundi moja la Marekani lililodai kufika mbali zaidi ya hapo. Jarida la Nature lilizifuta makala zake mbili, moja mwaka 2022, nyingine mwaka 2023.

Umeme uliporudi, nilimwandikia mpwa wangu. Nilimwambia mgawo ule uliletwa na upungufu wa uzalishaji, na dawa yake ilikuwa ikijengwa Rufiji, megawati 2,115 za Bwawa la Julius Nyerere. Umeme unaopotea kwetu unapotea pia kwenye nyaya chakavu, transfoma zilizoelemewa na waya za wizi, na hakuna kauri inayotibu hayo. Nikampa maswali manne ya kumuuliza kila atakayeleta jiwe jipya: Ni kwenye baridi gani? Ni kwa shinikizo gani? Nani mwingine amelipima? Na waya wake umefika mita ngapi?

Alijibu kesho yake: "Kwa hiyo bado, Mjomba."

Ndiyo, bado. Lakini nawaomba walimu wenzangu wa fizikia wasiliache neno hilo likae peke yake darasani. Kidonge kimoja kinanunulika, sumaku ndogo zipo, na naitrojeni mtaipata kwa wataalamu wa uhimilishaji. Waombeni kwa adabu na muwakaribishe watazame. Fungueni madirisha, kwa sababu naitrojeni ikijaa chumbani hufukuza oksijeni. Msizibe chupa. Na kidonge chenu, jamani, kihifadhini pakavu.